AC inayopoza na kukata ni ya hatari kuliko iliyokufa

Huenda ukashangaa safu ya afya na usafi imefuata nini chini ya boneti ya gari. Imewafuata watoto, wagonjwa na wazee wanaosafirishwa humo.

AC ya gari iliyokufa kabisa haina hila. Mwenye gari anaijua, hufungua vioo na safari huendelea. Yenye hatari ni ile inayopoza robo saa, ikakata, ikarudi, kisha ikakata tena. Kwa kuwa jana ilipoza, leo familia hufunga vioo vyote, mtoto mchanga hulazwa kiti cha nyuma na shuka lake juu, na mzazi huteremka "dakika mbili tu" dukani akiacha injini inawaka. Dakika mbili hizo sote tunazijua, aghalabu huwa ishirini. AC ikikata katikati yake, mtoto hana uwezo wa kuinuka na kufungua kioo.

Gari lililofungwa juani hupanda joto kwa kiasi cha nyuzi 10 ndani ya dakika 10 za mwanzo, hata siku ambayo nje hali ya hewa ni ya kawaida tu. Mwili wa mtoto mdogo nao hupanda joto haraka kuliko wa mtu mzima. Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye fyuzi na gesi, lishikeni hili nyumbani: mtoto, mgonjwa asiyejiweza au mzee dhaifu asiachwe peke yake ndani ya gari kwa kuitegemea AC, iwe mbovu au mpya.

Sasa wapo watakaosema, Katesh na AC wapi na wapi? Mji uko chini ya mlima Hanang, mlima wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400, na upepo wake wa Juni na Julai tunaujua. Ni kweli, na hapo ndipo tatizo letu lilipo. Mtu anakaa miezi mitatu au minne bila kubonyeza kitufe cha AC. Ndani ya kompresa mna mafuta yanayozungushwa pamoja na gesi, nayo ndiyo yanayolainisha mpira unaozuia gesi isivuje kwenye shafti. AC isipowashwa kwa muda mrefu mpira ule hukauka, na gesi huanza kutoroka kidogo kidogo. Kisha siku ya safari gari linateremka kutoka Babati kwenda Magugu na Minjingu, chini kwenye Bonde la Ufa, au linaelekea Dodoma na Dar es Salaam. Huko ndiko AC inapohitajika, na huko ndiko inapoanza vituko. Washa AC angalau dakika 10 kila mwezi, hata kwenye baridi. Wala hutapata hasara, kwani AC hukausha hewa. Asubuhi ya ukungu, vioo vinapofunga mvuke kwa pumzi za abiria, washa AC pamoja na hita na kioo cha mbele kitang'aa kwa muda mfupi.

Ili uelewane na fundi, fahamu kwanza jinsi mtambo huu unavyofanya kazi. Kompresa, inayozungushwa na mkanda wa injini, huikandamiza gesi na kuisukuma kwenye kondensa, ule wavu ulio mbele ya rejeta. Hapo gesi hupoteza joto na kuwa kimiminika. Hupita kwenye chujio linalonyonya unyevu, mafundi huliita draya, kisha kwenye vali nyembamba, na kuingia katika wavu mwingine uliofichwa nyuma ya dashibodi, yaani evaporeta. Humo hugeuka gesi tena na kuwa baridi sana, na feni ya ndani hupuliza hewa kupita hapo ikija usoni mwako. Unyevu wa hewa huganda kuwa maji na kudondoka chini ya gari kwa mpira maalumu. Maji yale si ya rejeta wala si mafuta, ni mvuke wa hewa tu, kwa hiyo usiogope ukiyaona.

Mkono wako ndiyo geji ya kwanza

AC ikikata, usikimbilie kuizima wala kumpigia fundi. Weka mkono kwenye tundu la hewa na ujiulize swali moja: upepo umepungua nguvu, au unakuja kwa nguvu ile ile ila ni wa moto? Jibu hilo linagawa maradhi yote makundi mawili, na litakuokolea fedha nyingi.

Upepo ukififia taratibu mpaka ukawa kama pumzi ya mgonjwa, huku feni unaisikia inanguruma, kuna uwezekano mkubwa kwamba evaporeta imeganda barafu. Zima AC lakini acha feni ipulize kwa dakika 10 hivi. Ikiwa upepo unarudi na maji mengi yanamwagika chini ya gari, umepata jibu. Mara nyingi chanzo ni uchafu. Hewa isipopita ya kutosha, baridi haina pa kwenda, na unyevu hugeuka barafu hapo hapo. Yaweza pia kuwa sensa inayopima ubaridi wa evaporeta imekufa, au gesi imepungua kiasi, lakini anza na uchafu kwa sababu ni wa bure kuukagua.

Uchafu kwetu haukosekani. Kiangazi vumbi la njia za vijijini ni jekundu na jepesi kama unga, na Ziwa Balangida linapokauka upepo hubeba vumbi lenye chumvi. Katika gari nyingi za Kijapani tunazotumia, filta ya AC iko nyuma ya droo ya dashibodi upande wa abiria. Droo huchomolewa kwa mikono, na filta hutoka kama kitabu kwenye rafu. Ichomoe uitazame. Mara nyingi utakuta majani, mbawa za wadudu, wakati mwingine hata kiota cha panya. Gari nyingine huuzwa bila filta kabisa, kwa kuwa mwenye gari wa kwanza aliitoa ikiwa imeziba na hakuirudisha. Hilo ni kosa kubwa. Vumbi lisilochujwa hunata kwenye evaporeta iliyolowa, likawa tope, na tope lile halitoki tena mpaka dashibodi yote ifunguliwe. Watengenezaji wengi hutaja kilometa 15,000 au zaidi kabla ya kubadili filta. Kwa njia zetu, ikague kila baada ya miezi miwili mitatu wakati wa kiangazi.

Hapa ndipo afya inapoingia moja kwa moja. Evaporeta yenye tope na unyevu ni shamba la ukungu. Ukiwasha AC na dakika za mwanzo ukasikia harufu ya gunia lililolowa au ya soksi, hiyo ndiyo harufu yake, na abiria wote wanaivuta. Mwenye pumu hubanwa kifua, mwenye mzio hupiga chafya mfululizo na macho kuwasha, na wenyewe husema "AC inanipa mafua." Kunyunyiza marashi au kutundika kimti cha harufu kwenye kioo hakusaidii kitu, ni kuficha tu. Badili filta, mwambie fundi aisafishe evaporeta kwa dawa yake, na kagua mpira wa kumwagia maji. Ukiziba kwa vumbi, maji hurudi ndani na kulowesha kapeti la miguuni kwa abiria. Kapeti likilowa, lianikwe juani mpaka likauke kabisa. Ipo pia desturi nzuri ya kuzima AC dakika chache kabla ya kufika na kuacha feni peke yake ikaushe evaporeta. Haigharimu senti.

Upepo wa nguvu lakini wa moto

Kama upepo unakuja kwa nguvu ila umegeuka moto, angalia ni wakati gani unageuka.

Ikiwa gari linapoza likiwa mwendoni na kuacha likisimama kwenye foleni au stendi, shuku kondensa na feni yake. Mwendoni upepo wa barabara hufanya kazi ya feni, ukisimama hakuna wa kuifanya. Washa AC, fungua boneti, tazama feni iliyo mbele: katika gari nyingi inapaswa kuzunguka mara tu kompresa inaposhika au muda mfupi baadaye. Haizunguki, au inazunguka ukiigonga kwa kijiti? Mota yake imechoka. Inazunguka vizuri? Chungulia kati ya kondensa na rejeta, huenda pamejaa nyasi na tope. Osha kwa maji ya kawaida ya bomba, si ya mashine ya nguvu, kwani mapezi yake ni laini na yakilala hewa haipiti tena.

Ikiwa inakata unapopanda mlima mkali, tuseme Magara kuelekea Mbulu, tazama kwanza geji ya joto la injini. Gari nyingi zimetengenezwa zikate AC zenyewe injini ikizidi joto au ukikanyaga mafuta mpaka mwisho. Hapo AC si mgonjwa, ni mjumbe. Ikirudi ukifika juu na geji ya joto ilikuwa kawaida, huna shida. Ikiwa joto lilipanda, tatizo ni rejeta, maji au feni, na ukilipuuza utaua injini.

Katika Toyota nyingi taa ya AC huanza kupepesa kisha ubaridi hukoma. Taa hiyo si mbovu. Gari limegundua kompresa haizunguki sawasawa na injini, aghalabu mkanda umelegea au kompresa yenyewe inaanza kukwama. Usiizime na kuiwasha mara ishirini ukibahatisha, mpelekee fundi. Na kama AC inakata gari likipiga makorongo na kurudi likipiga jingine, hiyo ni waya, soketi au ethi iliyolegea. Magari yaliyowahi kuingiwa na maji au tope yana ugonjwa huu zaidi. Ikiwa gari lako lilikuwa miongoni mwa yaliyokumbwa na maporomoko ya tope kutoka mlima Hanang mnamo Desemba 3, 2023, siku ambayo mji wetu ulipoteza watu zaidi ya 80, Mwenyezi Mungu awarehemu, basi soketi za chini ya boneti zifunguliwe moja moja zisafishwe. Kutu ya ndani huchukua muda kujionyesha.

Kuna ile inayopoza vizuri nusu saa, ikakata, na ikishapumzika inarudi kama haikuwa na neno. Hii ndiyo inayowachanganya wengi, kwa kuwa ukifika kwa fundi gari limepoa na kila kitu kinafanya kazi. Siri yake iko mbele ya kompresa, kwenye sahani ya klachi. AC inapokata, simamisha gari mahali salama, acha injini iwake, utazame bila kugusa. Nguo ndefu, kanga, mtandio na mikono ya kanzu iwe mbali na mkanda. Ikiwa sahani imesimama huku mkanda unazunguka, umeme haufiki au sumaku ya klachi imechoka. Sumaku ikipata moto hupungua nguvu, na kama sahani imelika pengo linakuwa kubwa kuliko sumaku inavyoweza kuvuta. Fundi anaweza kulipunguza pengo hilo kwa kutoa kishata chembamba, kazi ndogo kuliko kununua kompresa nzima. Rilei nayo ibadilishwe kwa majaribio na nyingine inayofanana nayo humo humo kwenye kisanduku cha fyuzi. Lakini kama sahani inazunguka na upepo ni wa moto, huenda unyevu umeingia ndani ya mabomba na unaganda kwenye vali nyembamba, ukiziba njia mpaka uyeyuke. Dawa yake ni kutoa gesi yote, kunyonya hewa kwa pampu, kubadili draya na kujaza upya. Zingatia kwamba baadhi ya gari mpya zina kompresa isiyo na klachi, sahani yake huzunguka muda wote, hivyo kipimo hiki hakizihusu.

Gesi hailiki kama petroli

Mwisho ni gesi, nami nimeiweka mwisho makusudi, kwa sababu mafundi wengi huanza nayo na kuishia nayo. "Gesi imeisha mzee, tujaze." Gesi ya AC haichomwi wala hailiki. Ikipungua ndani ya miezi michache imevuja, na anayejaza bila kutafuta inapovujia anakuuzia kitu ambacho kitatoka tena. Dalili ya gesi kupungua ni kompresa kushika na kuachia kila baada ya sekunde chache, "tak, tak." Swichi ya usalama huikata shinikizo likishuka sana, kwa Toyota nyingi karibu psi 28, ili kompresa isiunguzwe kwa kukosa mafuta. Tahadhari, asubuhi ya baridi Katesh kompresa hupumzika mara kwa mara hata ikiwa nzima, kwa kuwa evaporeta imeshapoa vya kutosha. Usiihukumu asubuhi.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi wa nyanda za juu hasa. Geji za fundi husoma juu au chini kulingana na joto la siku. Fundi akijaza gesi asubuhi ya baridi kwa kutazama geji tu, akitaka ifikie namba aliyoizoea mahali pa joto, atazidisha. Gari litapoza vizuri mjini. Likiteremka Magugu saa saba mchana shinikizo litapanda mpaka swichi ya juu ikate, kwa Toyota nyingi karibu psi 450. Likipoa linarudi. Mwenye gari atasema gesi ni ndogo, fundi wa pili ataongeza, na ugonjwa utazidi. Kipimo sahihi ni mizani. Chini ya boneti kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake kwa gramu. Mtake fundi atoe iliyomo, anyonye hewa kwa nusu saa au zaidi, kisha apime gramu hizo hizo. Asiye na mizani anakisia.

Aina ya gesi nayo si ya kubahatisha. Gari nyingi tulizonazo hutumia R134a. Za kabla ya katikati ya miaka ya 1990 zilitumia R12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 uliiweka katika orodha ya kuondolewa kwa kuharibu tabaka la ozoni, na gari mpya zaidi hutumia R1234yf. Zisichanganywe. Hata R134a haifai kuachiwa hewani, kwani huongeza joto la dunia, na ndiyo sababu mataifa yaliyokutana Kigali mwezi Oktoba 2016 yalikubaliana kuipunguza. Lililo baya kuliko yote ni kujaza gesi ya kupikia kwa kuwa ni rahisi. Inapoza, ndiyo, lakini evaporeta iko ndani ya chumba cha abiria. Ikivuja, umewafungia watoto wako ndani ya mtungi unaosubiri cheche. Fundi akikupendekezea hivyo, ondoka na gari lako. Wewe mwenyewe usifungue bomba lolote la AC: gesi ikiruka machoni hugandisha na yaweza kupofusha.

AC ikikata safarini, fungueni vioo mapema, msisubiri "huenda ikarudi." Mpeni mtoto nguo nyepesi, mlowesheni kitambaa. Hata AC ikiwa nzima, kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kitumieni mnapopita kwenye vumbi au nyuma ya lori, kisha mkiache. Watu saba ndani ya Noah wakivuta hewa ile ile kwa saa nzima, hewa huchakaa na dereva husinzia. Mkimpeleka mgonjwa wa kifua kikuu hospitali, iwe Tumaini hapa Katesh au Haydom, vioo vifunguliwe, AC isifikiriwe. Dawa ya insulini isiachwe kwenye dashibodi. Wala mtu asilale ndani ya gari lililosimama injini ikiwaka ili apate AC, zaidi sana ndani ya banda: moshi wa injini una gesi ya sumu isiyo na harufu, na wanaolala hivyo wengine hawaamki.

Mtu akichemka mwili, akachanganyikiwa, akatapika au akapata degedege baada ya kukaa kwenye joto, mwondoeni juani, mmwagieni maji mwilini, mpepeeni na mkimbizeni hospitali. Aliyefunga akifikia hapo saumu si hoja tena, apewe maji ikiwa anaweza kumeza.

Ukitoka kwa fundi, usiijaribu AC kwa kuzunguka mjini asubuhi. Nenda nalo mchana penye joto kabla ya siku ya safari, peke yako. Simamisha gari juani injini ikiwaka kwa nusu saa, mkono kwenye tundu, jicho kwenye geji ya joto. Ikipita hapo, wapakie watoto.

Wabillahi tawfiq.